Wankyo Anaikatia Nyumba Bima

"Ile nyumba ataichoma mwenyewe, mtaniambia," alisema Dorah pale kwenye kioski cha maji, Bweri, huku akikaza kanga kiunoni kama mtu anayejiandaa kwenda kuuzima huo moto. "Mimi si mtoto. Kijana wa tai ameizunguka mara mbili. Anapiga picha madirisha, anapiga picha bati, mpaka choo! Na Mama Keraryo yuko nyuma yake anamwonesha. Nyumba unapigaga picha ya nini kama huendi kuipoteza?"

"Labda anaiuza," akasema mwingine.

"Aiuze wakati ukutani ameandika kwa rangi nyekundu 'nyumba hii haiuzwi'? Ni bima hiyo, mwenzangu. Unaikatia bima, unatulia miezi miwili, halafu siku moja unasahau kiberiti. Unalipwa, unahamia Mwanza."

Wanawake wakacheka, mmoja akasema Mungu apishe mbali, ndoo zikaendelea kujaa. Alipofika Mama Keraryo mwenyewe na ndoo zake mbili, kicheko kilikatika na kila mmoja akaanza kuyaangalia maji yake kana kwamba yana samaki ndani. Alisalimia. Wakaitikia kwa sauti kubwa kupita kiasi. Akajua kuna neno, lakini hakuuliza. Alijaza, akabeba, akaondoka.

Neno lenyewe lilimfikia jioni ile kupitia kwa mwanawe wa mwisho, Happyness, wa miaka mitano, aliyerudi kucheza na watoto wa Dorah. Alisimama mlangoni na mguu mmoja una kandambili, mwingine hauna.

"Mama, nyumba yetu tunaichoma lini?"

Wankyo, ndiye huyo Mama Keraryo, alikuwa anapaa samaki. Kisu kilisimama.

"Nani kakwambia tunaichoma?"

"Kule. Wamesema baada ya miezi miwili. Mdoli wangu nitamtoa kwanza?"

Wankyo alimvuta mtoto kwa kiwiko, maana viganja vilikuwa na magamba, akamkalisha karibu. "Hii nyumba haichomwi," alisema. "Haichomwi na mimi, wala haichomwi na kitu chochote nikiwa nakiona. Umesikia? Kandambili nyingine iko wapi?"

Kwa jina la kuzaliwa ni Wankyo, mwenyeji wa Butiama, na Keraryo ni kifungua mimba wake aliyeko shule ya bweni. Ni mwanamke mwembamba, wa maneno machache, ambaye hata Jumapili akivaa gauni la misa ananukia moshi kwa mbali. Kazi yake ni kubanika samaki. Alfajiri anashuka mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia, ananunua sangara na sato, anawapaa, anawapanga juu ya wavu, na wakishakauka vizuri wanabebwa kwenda mnadani Bunda. Akishasema kitu huwezi kumrudisha. Ni kama ng'ombe aliyekwisha kuona maji.

Nyumba yenyewe aliianza na mumewe, Leonardi. Leonardi alifariki ikiwa kwenye lenta, na misimu miwili nyasi zikaota juu ya kuta. Watu wakasema litabaki gofu. Wankyo akaimaliza kwa samaki, na mpaka leo anajua kila kitu kimetoka wapi. Mlango wa mbele ni sangara wa Kwaresima moja. Bati za upande wa ziwa ni furu, wale wadogo wenye miba ambao wengine wanawadharau. Sakafu ya chumba cha watoto ni sato wa mwaka ule wa mvua nyingi. Nyuma ya nyumba kuna jabali kubwa kama lori, ambalo mafundi wote walimshauri alipasue. Hakulipasua, kwa sababu kupasua mawe kulihitaji samaki wengine.

Na nyuma hapo hapo, limeegemea ukuta wa chumba cha watoto, lilikuwepo jiko la kubanikia.

Wanawake wengi wa kando ya ziwa hujenga hivyo. Ukuta wa nyumba unakuwa ndio mgongo wa jiko. Unaokoa tofali za upande mmoja mzima, nyumba inakukinga na upepo wa ziwa, moto haupepesuki, samaki wanaiva sawasawa. Wankyo alifundishwa na mama mkwe wake, naye akamfundisha mdogo wake Esther alipoolewa Guta, kule Bunda. Hakumfundisha kwa mdomo tu. Alikwenda Guta akalala siku tatu, akapanga tofali kwa mikono yake, na Esther akimkorogea udongo. Happyness aliupenda ule ukuta wa joto kuliko kitanda. Mchana, kama kuna moto nyuma, alikuwa anatandika kitenge sakafuni chumbani, anabandika mgongo ukutani na kusinzia. Mama yake akipita alikuwa anamwangalia na kufikiri, hata tofali zinamlea mwanangu.

Mwezi wa nne jiko la Guta liliiunguza nyumba ya Esther.

Ilikuwa saa tano asubuhi. Esther alikuwa mwaloni, watoto shuleni. Moto ulipanda ukutani, ukaingia chini ya bati, ukashika kenchi, na mpaka watu wafike na ndoo, nyumba ilikuwa imebaki kuta na milango iliyosimama yenyewe. Hakufa mtu. Kila mtu alisema hivyo, hakufa mtu, tumshukuru Mungu, na ilikuwa kweli. Kaka yao Mugeta alikuja na pikipiki ya mizigo akawachukua, akawapeleka Butiama kwake, akawapa stoo ya mahindi.

Wankyo alikwenda kuwaona baada ya wiki mbili. Alimkuta mdogo wake amepanga nguo za watoto juu ya magunia, vizuri kabisa, kama duka. Hilo halikumuumiza. Kilichomuumiza kilikuwa kidogo sana. Walikuwa wamekaa, mtoto akalia njaa, na Esther akainuka, akaenda mpaka mlango wa jiko la mke wa kaka yao, akasimama nje.

"Wifi, naomba niwashe moto kidogo, nimchemshie uji."

"Washa tu, Esther, kwani unaombaga ya nini?" wifi alijibu, na alijibu kwa wema.

Lakini Wankyo alisikia. Mwanamke wa miaka thelathini na sita, aliyekuwa na majiko mawili, la nyumbani na la biashara, anaomba moto kwa sauti ya mgeni. Na jiko lililomfikisha hapo nililijenga mimi, alijisemea. Akaangalia viganja vyake, akavificha kwenye kanga.

Chakula cha mchana hakijaisha, akamwambia Mugeta kwamba anataka kuikatia nyumba yake bima.

Mugeta aliweka tonge chini. "Bima? Dada, nyumba haikatiwi bima. Nyumba inaombewa. Na ukiikatia, umeiitia balaa, umeiambia ungua. Sisi bima yetu ni ukoo."

"Ukoo umempa Esther stoo."

"Si amepata pa kulala?"

"Amepata," alisema Wankyo. "Na mahindi nayo yamepata."

Wifi akacheka mpaka akaziba mdomo. Mugeta hakucheka. Wankyo akaondoka na neno lake.

Kijana wa tai aliyeonwa na Dorah anaitwa Lameck. Ni wakala wa kampuni ya bima ya watu binafsi, Ngome, mtoto wa Nyegina, aliyekuwa akiimba kwaya parokiani kwao kabla hajapata hiyo tai. Ni kijana mzuri, anasalimia wakubwa kwa mikono miwili. Alikuja na bodaboda, akapiga picha, akakaa sebuleni kwa Wankyo na simu yake akajaza fomu kwa haraka kama anayecheza.

"Kuta, tofali za kuchoma. Paa, bati. Umeme upo. Shughuli ya moto kwenye jengo…" Akatazama dirishani, moshi ulikuwa unapita. "Hapa tuweke hapana, mama."

"Kwa nini hapana? Si unaona moshi?"

"Naona. Lakini ukiweka ndiyo, bei inapanda au wanairudisha fomu. Hiyo banda iko nyuma, kwenye picha haionekani."

"Leo haionekani," alisema. "Siku ya moto itakuwa haionekani pia?"

Lameck akachekacheka, akakuna shingo chini ya tai. "Mama, wewe una maswali. Watu wananiambiaga tu, mwanangu jaza tulale."

"Usiitume hiyo. Iache kwanza."

Basi hiyo ndiyo siku ambayo Dorah aliona picha zikipigwa, na hayo ndiyo yaliyokuwa yamesemwa ndani ambayo Dorah hakuyasikia. Baada ya swali la Happyness, Wankyo alikaa akipaa samaki waliobaki. Hakuwa na hasira na Dorah kama alivyodhani angekuwa nayo. Hasira yake ilikuwa kwenye lile neno miezi miwili. Moto hausubiri miezi miwili. Ule wa Guta haukusubiri hata chai ya saa nne itoke kifuani.

Asubuhi yake alifunga kilemba, akamwacha mtoto kwa jirani mwingine, akapanda bodaboda kwenda mjini Musoma, kwenye ofisi ya shirika la bima la serikali. Alikuta mama wa makamo, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba, kibao mezani kimeandikwa Euphrasia.

"Karibu, mama. Nyumba, gari au pikipiki?"

"Nyumba."

Euphrasia alichukua kalamu. Aliuliza mtaa, mwenyekiti ni nani, karatasi ya kiwanja ipo, kuta za nini, paa la nini. Kisha akauliza, "Hapo nyumbani unafanya shughuli gani?"

"Nabanika samaki."

"Wapi?"

"Nyuma ya nyumba."

"Nyuma mbali, au nyuma imegusa?"

Hapo Wankyo akaona njia mbili waziwazi kama njia panda ya Makutano. Hakuna mtu katika ofisi ile aliyekuwa anaiona Bweri. Angesema mbali, kalamu ingeandika mbali. Alikumbuka ukuta wa joto na mgongo mdogo umeubandika.

"Imegusa," alisema. "Ukuta wangu ndio mgongo wa jiko."

Euphrasia alilaza kalamu juu ya fomu. "Umesema mwenyewe. Wengi hawasemagi."

"Na wasiposema?"

"Wanalipia karatasi. Mama, nikwambie ukweli. Uje kwetu, uende kwa watu binafsi, uende kwa malaika, ukidanganya kwenye fomu, siku ya moto hakuna atakayekulipa. Watakuja na picha zao, watakuta majivu ya kuni yameegemea ukuta." Akavaa miwani. "Sasa sikiliza. Hilo jiko ulisogeze mita kumi, liwe na paa lake la bati. Mkaguzi akija akalikuta hivyo, tunaichukua nyumba, na moto tunauchukua, hata ule unaotoka kwenye samaki wako. Lakini malipo ni ya mwaka mzima, kwa mkupuo."

"Kidogo kidogo haiwezekani?"

"Kwa hii ya nyumba yako, haiwezekani."

Wankyo alishukuru, akatoka. Hakupanda bodaboda kurudi. Alitembea, akihesabu hatua kumi, kumi, kumi, njia nzima, akijaribu kuona mita kumi zitatoka wapi kwenye kiwanja chake chenye jabali.

Hata hivyo hakumtupa Lameck. Alimpigia simu. "Mwanangu, ile fomu ifungue. Futa hapana, andika ndiyo, uitume uone watasemaje."

Lameck alirudi siku ya tatu, tai ameilegeza, akakaa ukingoni mwa kiti. "Mama Keraryo, ofisi wamekubali! Upepo kung'oa bati, umo. Wizi, umo. Shoti ya umeme, imo. Mti ukiangukia nyumba, umo. Na unalipa kwa mwezi, kwa simu, umekaa hapo hapo na magamba yako mikononi."

"Na moto wa jiko?"

Sauti ikapungua. "Huo… wameandika, moto ukitokana na shughuli ya samaki, wao hawahusiki. Hata ukilisogeza. Ndivyo kampuni inavyofanya kwa sasa."

Wankyo akatazama nje, akatazama tena. "Lameck, hapa kwangu unaona mti?"

Kijana akageuka. Ulikuwepo mpapai mmoja, mfupi kuliko Happyness. "Sioni, mama."

"Labda liniangukie jabali."

Wote wawili wakacheka. Kisha Wankyo akasema taratibu, bila ukali, "Yako ni nzuri. Ningekuwa nashona nguo ningeichukua leo. Lakini utanilinda na kila kitu isipokuwa kile kinachonitisha. Nitakuwa nalipa kila mwezi, na kila nikiwasha jiko naogopa vilevile."

"Kwa hiyo unaenda kwao kwa sababu ni serikali?"

"Hapana. Wewe ungesema moto unauchukua, na wao wangesema hawauchukui, ningekuwa kwako saa hii. Mimi natafuta anayeuchukua moto."

Lameck aliitikia kwa kichwa. Alikunja karatasi zake, akasimama mlangoni. "Ukishalijenga hilo jiko mbali, mama, nitawapelekea picha. Nitawaambia, oneni, mtu anaweza. Labda mwakani watabadilika."

"Na mwakani uje. Mlango huu unaujua."

Likabaki la malipo ya mkupuo. Wankyo alikuwa na ndama jike mmoja kwenye zizi la Mugeta, aliyetokana na ng'ombe aliyepewa na baba yao. Kwa watu wa kwao ng'ombe hauzwi hivi hivi. Anauzwa kwa ugonjwa, kwa ada ya shule au kwa msiba, na ukimwuza lazima useme msiba gani. Alimpigia Mugeta, akamwambia anamuuza.

"Unauza mwenye miguu," Mugeta alisema, "ununue karatasi."

"Ndiyo, kaka."

"Ndama anazaa. Karatasi inazaaga nini?"

"Kama Mungu akisaidia, haizai chochote. Inakaa tu. Na mwakani nanunua nyingine."

"Na msiba nitasema ni upi? Watu wataniuliza hapa, dada yako kauza ndama kwa msiba gani?"

"Sema ni wa Esther. Ule wa kwangu naulipia usije."

Mugeta akavuta pumzi, ikasikika mpaka Bweri. "Wewe Wankyo," alisema. Jumamosi akamwingiza ndama mnadani, fedha akazituma zote, na kwenye ujumbe hakuandika salamu. Mwisho kabisa akaandika, Esther anasema asante kwa kuutaja msiba wake.

Jumatatu Wankyo akachukua sululu.

Ulikuwa msimu mzuri, sangara wamejaa mwaloni, wenzake wanawasha majiko mara mbili kwa siku. Yeye akaanza kubomoa la kwake. Alipiga tofali ya juu, ya pili, masizi yakamwagika mpaka kope zikawa nyeusi. Kule uani kwa Dorah mtu alisita kutwanga.

"Si niliwaambia!" sauti ya Dorah ikasikika ikiwaambia wageni wake. "Ameanza na nyuma. Keshokutwa utaona kaingia na mbele!"

Wankyo aliisikia. Akanyanyua sululu tena. Alifanya kazi mpaka tofali za mwisho, akazipanga pembeni zile nzima, zilizovunjika akazitia kwenye karai. Nyuma ya ukuta ule ikabaki alama nyeusi ya jiko, na katikati ya alama kulikuwa na ufa. Aliingiza kidole. Kikaingia mpaka kwenye kifundo. Akasogeza jicho, akaona mwanga wa chumba cha watoto upande wa pili, na pindo la kitenge cha Happyness.

Akakaa chini juu ya tofali. Hakulia. Alikaa tu, mikono juu ya magoti. Kisha akakoroga saruji akauziba ule ufa, akaupiga lipu mara mbili.

Mita kumi zilipatikana mahali ambapo hakuwa amefikiria, nyuma ya jabali. Lile jiwe ambalo mafundi wote walitaka alipasue, sasa lilisimama katikati ya moto na nyumba kama askari. Alijenga jiko upande wa pili, akaezeka bati nne juu yake. Haikuwa rahisi kama inavyosimuliwa. Upepo wa ziwa ukifika kwenye jabali unajizungusha, na mzigo wa kwanza uliungua upande mmoja, upande mwingine mbichi. Mteja wa Bunda aliurudisha na maneno juu. Mzigo wa pili nao Wankyo aliwatupia mbwa nusu yake. Wiki tatu aliuza samaki wabichi kwa bei ya kubembeleza, na nyumbani wakala ugali na furu, furu na ugali. Mwishowe akajenga kaukuta kafupi ka mawe kukata upepo, na samaki wakaanza kuiva.

Happyness ndiye ambaye hakuridhika. Mchana mmoja alitandika kitenge chake mahali pake, akabandika mgongo, akakaa kidogo, kisha akaja nje akiburuza kitenge.

"Mama, ukuta umekufa."

Wankyo aliacha samaki, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akamnyanyua ingawa alikwisha kuwa mzito. "Haujafa," alisema. "Ulikuwa unafanya kazi mbili. Sasa umepumzika." Akambeba mgongoni kwa kanga kama mtoto mchanga, akaendelea kugeuza samaki, na mtoto akalala hapo, shavu kwenye bega la mama yake lenye moshi.

Mkaguzi alikuja, dada mmoja mwenye viatu vya matope na futi ya kamba. Alipima mara mbili. Mita kumi na moja. Alitazama jabali, akalipiga kwa kiganja kama mtu anayempongeza ng'ombe, akaandika. Siku chache baadaye Euphrasia alimkabidhi Wankyo hati yake mezani, akamsomea neno kwa neno, na Wankyo akarudia mahali palipoandikwa moto kwa kidole, ili aone kwa macho yake.

"Na mama," Euphrasia alisema alipokuwa anaondoka, "usiitunze ndani ya nyumba hiyo hiyo. Nakala tunayo hapa, lakini siku ile utachanganyikiwa, utataka kitu mkononi. Watu wengi wanaziunguzaga pamoja na nyumba."

Njiani Wankyo alifikiri ampe nani. Mugeta yuko mbali, na angeiangalia kila siku akimkumbuka ndama. Esther yuko kwenye stoo, na stoo ina panya. Alifikiri watu wa jumuiya ya kanisani, mmoja mmoja. Alipofika kona ya kwao alikuwa amekwisha kuamua, akajishangaa mwenyewe, lakini hakurudi nyuma. Hakupitia kwake. Alikwenda moja kwa moja, hati ndani ya mfuko wa nailoni, akabisha hodi kwa Dorah.

Dorah alikuwa anachambua mchele. Alipomwona, ungo ukayumba.

"Karibu, Mama Keraryo! Karibu, jirani. Kiti hicho hapo. We mtoto, lete maji! Za huko?"

"Nzuri. Sikai sana." Akakaa. "Nimesikia wewe ndiye unayejuaga siku nitakayochoma nyumba."

Mchele ulimwagika kidogo. Dorah akaufuata kwa vidole, punje moja moja, asiinue uso. "Mwenzangu, yale… ni maneno ya maji tu. Mtu unasimama foleni, jua kali, mdomo unatafuta kazi. Unisamehe. Halafu nikaona unabomoa, nikasema, Bwana wangu, kumbe ni kweli!"

"Ulisema. Nilikusikia, sululu ikiwa juu."

Dorah akachungulia uso wa mwenzake, akakuta hauna vita, na cheko likamtoka puani bila ruhusa. Wankyo naye akatabasamu, kidogo, kisha akaacha. Aliutoa mfuko wa nailoni, akauweka juu ya meza ndogo, akaunyoosha kwa viganja viwili.

"Hii ni ile bima. Nimeangalia mtaa mzima, sijaona mtu mwenye macho kama yako. Mimi nikiwa mwaloni, wewe unaonaga nani kaingia kwangu, nani katoka, moshi umeanzia wapi. Naomba unitunzie. Iweke pale unapowekaga vyeti vya ubatizo vya watoto."

"Mimi?" Dorah akajigusa kifua. "Mimi, Mama Keraryo?"

"Wewe. Na jambo moja nakuomba, jirani yangu. Ukiona moshi kwangu upande huu wa jabali, wa nyumba, usianze na maneno. Anza na maji, na mwanangu umtoe, analalaga chumba cha nyuma. Karatasi uje nayo kesho yake."